H. G. Wells: Mtunzi aliyepigana vita vyake sakafuni

MWAKA 1913, mwaka mmoja tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kulipuka, mtunzi mashuhuri wa Uingereza alitoa kitabu chembamba kinachofundisha namna ya kupigana vita juu ya sakafu ya chumba. Kitabu hicho kinaitwa Little Wars, yaani Vita Vidogo. Mtunzi wake ni Herbert George Wells, anayejulikana zaidi kwa kifupi cha H. G. Wells.

Wengi wetu tuliosoma uhamishoni tulimfahamu kwa vitabu vingine. Mimi nilikutana naye katika maktaba ya shule ya sekondari nchini Tanzania, kwenye kabati la vitabu vya Kiingereza vilivyorahisishwa kwa wanafunzi. Kilikuwa kile cha mtu asiyeonekana. Jalada lilikuwa limeng'oka na kurasa za mwisho hazikuwepo, kwa hiyo nilikaa miaka mingi bila kujua mwisho wa yule mtu.

Nimeamua kumwandika leo kwa sababu moja. Wells alikuwa mtoto wa maskini, alifanya kazi dukani, akawa mwalimu, kisha akawa mtunzi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake aliitafuta amani, na bado alipenda kucheza vita. Sisi tuliorudi nyumbani, na ninyi mnaovuka mpaka kila wiki na mizigo yenu, tunaweza kujiuliza mtu wa namna hiyo ana nini cha kutufundisha. Mimi naona anacho. Kimo katika kanuni moja ndogo ya mchezo wake, ile inayoeleza nani anapanga ardhi na nani anachagua upande.

Mtoto wa duka lisilouza

Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 katika mji wa Bromley, mkoa wa Kent, kusini mashariki mwa London. Baba yake, Joseph, alikuwa na duka dogo la vyombo vya udongo. Duka halikuwa na wateja wa kutosha, na sehemu kubwa ya mkate wa nyumbani ilitokana na kriketi, mchezo ambao Joseph aliucheza kwa malipo. Mama yake, Sarah, alikuwa amefanya kazi ya utumishi katika nyumba za matajiri kabla ya kuolewa.

Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka saba, Herbert alivunjika mguu. Alilazwa kitandani kwa wiki nyingi, na baba yake akawa anamletea vitabu vya kuazima. Wells mwenyewe alikuja kusema baadaye kuwa mguu ule uliovunjika ulikuwa bahati yake, kwa kuwa ndio uliomfanya awe msomaji.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya baba. Alianguka, akavunjika paja, na kriketi ikaishia hapo. Fedha zikakatika. Mwaka 1880 mama alirudi kwenye utumishi, akawa msimamizi wa watumishi katika jumba kubwa la Uppark, Sussex. Familia ikasambaa. Msomaji aliyewahi kuona nyumba yao ikigawanyika, huyu kwa shangazi na yule kwa watu baki, hahitaji kuelezwa zaidi.

Herbert alipelekwa kujifunza biashara ya vitambaa. Duka la kwanza, mjini Windsor, halikumtaka. La pili lilikuwa Southsea, na humo alikaa kuanzia mwaka 1881 hadi 1883. Kazi ilikuwa kupima vitambaa, kukunja, kufagia, kufunga mizigo na kusimama kutwa nzima. Usiku alilala kwenye bweni la vijana wa dukani. Aliichukia kazi hiyo kwa moyo wake wote. Siku moja ya Jumapili alitoka kwa miguu, akatembea maili 17, karibu kilomita 27, hadi kwa mama yake Uppark, kumweleza kuwa hawezi tena.

Mama alilia, lakini mwishowe alikubali. Kijana akaenda Midhurst, ambako mwalimu mkuu wa shule alimchukua afundishe madarasa ya chini huku yeye mwenyewe akiendelea kusoma. Ndivyo wengi wetu tulivyoanza ualimu makambini na katika makazi: asubuhi unashika chaki, jioni unashika daftari.

Mwalimu aliyeanguka mtihani

Mwaka 1884 Wells alipata nafasi ya kusomeshwa na serikali katika chuo cha sayansi huko South Kensington, London. Posho yake ilikuwa paundi moja na shilingi moja kwa wiki, na mara nyingi alishinda na njaa. Mwaka wa kwanza alifundishwa elimu ya viumbe na Thomas Henry Huxley, mtetezi mkubwa wa mafundisho ya Darwin. Wells hakuwahi kumsahau mwalimu huyo. Lakini walimu waliofuata hawakumvutia, akazembea, na mwaka 1887 akaanguka mtihani wa jiolojia na kuondoka chuoni bila shahada.

Akaenda kufundisha shule moja huko Holt, Wales. Huko aliumizwa vibaya katika mechi ya mpira, figo likaharibika, akatema damu. Watu walidhani hataishi. Alipopata nafuu alirudi London, akafundisha katika shule ya Henley House, Kilburn. Mmoja wa watoto waliosoma hapo alikuwa A. A. Milne, ambaye baadaye alitunga hadithi za dubu Winnie-the-Pooh. Mwaka 1890 Wells alifanya mtihani wa Chuo Kikuu cha London, na safari hii akapata shahada yake.

Afya mbovu ndiyo iliyomtoa darasani na kumweka mezani kuandika. Vitabu vilivyomfanya ajulikane vilifuatana kwa haraka ya ajabu: The Time Machine mwaka 1895, The Island of Doctor Moreau mwaka 1896, The Invisible Man mwaka 1897, na The War of the Worlds mwaka 1898. Katika kile cha mwisho, viumbe kutoka sayari ya Mars wanaivamia Uingereza, na raia wanakimbia barabarani na mikokoteni, watoto na matandiko. Nilipokisoma nilishangaa mtu ambaye hakuwahi kukimbia nchi yake amejuaje kuwa mkimbizi hubeba vitu visivyo na maana na kusahau vya maana.

Mzinga wa springi

Ndoa yake ya kwanza, na binamu yake Isabel mwaka 1891, haikudumu. Mwaka 1895 alimwoa Amy Catherine Robbins, ambaye yeye alimwita Jane. Fedha za vitabu zilipoingia walijenga nyumba huko Sandgate, ufukweni mwa bahari, wakapata watoto wawili wa kiume: George Philip mwaka 1901 na Frank mwaka 1903.

Ni katika nyumba hiyo ya Sandgate ndipo vita vidogo vilipoanza. Siku hizo kiwanda cha Britains cha London kilikuwa kikitengeneza askari wadogo wa madini ya risasi, wenye uwazi ndani, waliouzwa kwa bei ambayo familia nyingi za kipato cha kati ziliweza kuilipa. Kulikuwa pia na mzinga mdogo wenye springi uliorusha kijiti cha mbao chenye urefu wa inchi moja hivi. Baada ya chakula cha mchana, rafiki mmoja wa Wells alichukua mzinga huo, akalenga askari na kumwangusha. Wells alimtaja rafiki huyo kwa herufi za mwanzo wa majina yake tu, na inaaminika alikuwa mtunzi Jerome K. Jerome. Watu wazima wawili wakaanza kushindana. Mchezo ukazaliwa.

Mwanzoni walipanga vitabu vikubwa vya kamusi elezo sakafuni viwe majumba na vizuizi. Baadaye wakaendelea. Matofali ya mbao ya watoto yakawa kuta. Mbao zikapangwa zikawa vilima. Mto ulichorwa kwa chaki. Vijiti vyenye majani vilivyokatwa bustanini vilisimamishwa vikawa msitu. Nyumba zilitengenezwa kwa karatasi ngumu, zikachorwa milango na madirisha. Picha za kitabu cha mwaka 1913 zinaonyesha vita hivyo vikipiganwa hata nje, juu ya majani ya bustani.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba mtu huyu wakati huo alikuwa na fedha za kutosha. Lakini nchi yake ndogo, kama alivyoiita, ilijengwa kwa mabaki ya nyumba. Kitabu chake kingine, Floor Games cha mwaka 1911, kinaeleza jinsi yeye na wanawe walivyojenga visiwa na miji sakafuni. Ndani yake analalamikia maduka ya vitu vya watoto kwa kuuza vitu vidogo mno na vichache mno, na anasifu mbao za kawaida zinazoweza kuwa chochote.

Kanuni za vita vidogo ni chache. Askari wa miguu husogea futi moja kwa zamu, mpanda farasi futi mbili. Mzinga hauwezi kufyatuliwa bila watu wasiopungua wanne walio karibu nao. Pande mbili zikikutana ana kwa ana, hufa mtu kwa mtu. Katika kitabu amesimulia pambano zima la shamba moja aliloliita Hook's Farm, mwendo kwa mwendo, na msomaji anaona jinsi jenerali anayejiona hodari anavyopoteza watu wake kwa uzembe wa dakika moja.

Na kanuni ya kwanza kabisa inahusu ardhi. Mchezaji mmoja ndiye anayepanga nchi, yaani vilima, nyumba na miti. Wasipokubaliana nani apange, hurusha sarafu. Lakini aliyepanga haruhusiwi kuchagua upande. Mwenzake ndiye huchagua atapigana kutokea wapi. Kanuni inayofuata inasema nchi hiyo isiharibiwe zaidi ya inavyolazimu.

Uwanja wa majani kwa bei ya gundi

Niliisoma kanuni hiyo kwa mara ya kwanza nikiwa tayari nimerudi Burundi. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972. Nilisoma kwa Kiswahili, nikarudi mwaka 2008 na familia yangu. Sasa nafundisha shule ya msingi si mbali na ziwa. Wanafunzi wangu wanacheza vita kila siku bila mimi kuwafundisha: fimbo ni bunduki, na anayepigwa anakataa kufa. Nikaona afadhali wacheze vita ambavyo aliyeanguka anahesabiwa.

Meza tuliipata kwa kuunganisha madawati mawili na kulaza juu yake kipande cha plaiwudi alichokitupa fundi seremala. Kazi kubwa ilikuwa majani, maana nchi yetu ni ya vilima vya majani, na watoto walikataa kupigania ubao mtupu. Huko ng'ambo majani ya meza za namna hii huuzwa yakiwa tayari kwenye pakiti. Sisi tulifanya hivi.

Tulichukua vumbi la mbao, lile linaloanguka chini ya msumeno, tukalichekecha ili maranda na vipande vikubwa vibaki juu. Tukaligawa mafungu matatu. Kila fungu tulilichanganya na rangi ya maji iliyozimuliwa: la kwanza kijani iliyoiva, la pili kijani iliyopauka, la tatu manjano kidogo kama majani ya mwezi wa Agosti. Tukayaanika juani siku mbili, tukiyafikicha kwa mikono yasigande.

Ubao tuliupaka kwanza rangi ya udongo. Hii ni hatua ambayo mtu mwenye haraka huiruka, kisha anajuta, kwa sababu majani hayafuniki kila mahali, na mahali palipo wazi panapaswa kuonyesha ardhi, wala si mbao nyeupe. Rangi ilipokauka tulipaka gundi ya mbao iliyoongezwa maji, sehemu kwa sehemu, tukanyunyiza vumbi letu kwa mkono, kijani iliyoiva bondeni na iliyopauka mgongoni mwa kilima. Tukaacha usiku kucha. Asubuhi tulisimamisha ubao na kuugonga kwa nyuma, na vumbi lisiloshika tukalikusanya, halikupotea.

Vilima ni maboksi ya katoni yaliyokatwa na kubandikwa moja juu ya jingine, kubwa chini na dogo juu, kingo zikasawazishwa kwa uji wa karatasi na gundi. Majani marefu ya kando ya mto ni nyuzi za gunia la katani. Wafanyabiashara mnaopita Mugina na Kobero mnayajua magunia hayo, yale yanayochanika mkayatupa. Unakata nyuzi ndefu kama pingili ya kidole, unafunga kifungu, unakichovya kwenye gundi na kukisimamisha. Majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, yakikaushwa, ni majani makavu chini ya miti.

Shamba la mtama tulilifanya kwa taulo kuukuu. Unalibandika kwenye boksi, unalipaka rangi ya udongo iliyozimuliwa hadi ilowane, kisha unalichana kwa kitana likiwa bado bichi ili nyuzi zisimame. Likikauka unapitisha juu juu brashi yenye rangi kidogo sana ya manjano, ishike ncha peke yake. Ukiangalia kwa mbali utaapa kuwa upepo unapita.

Askari wetu ni vipande vya mabua ya mahindi, nusu vimepakwa udongo mwekundu na nusu vimeachwa hivyo hivyo. Badala ya mzinga tunatumia gololi. Badala ya futi, askari anasogea shubiri moja ya mkono wa mchezaji mdogo kuliko wote. Kilichonunuliwa ni gundi na makopo mawili madogo ya rangi.

Nani anapanga, nani anachagua

Siku ya kwanza ya mchezo kulikuwa na ugomvi. Kijana mmoja hodari alipewa kazi ya kupanga nchi. Alisogeza kilima kikubwa upande wake, akaweka ukuta wa mawe mbele ya watu wake na kuwaachia wenzake bonde tupu. Wakapiga kelele. Aliyekuwa kinyume chake ni mtoto wa dada yangu, na hapo moyo wangu ulishtuka, kwa sababu kijana yule ni mjukuu wa jirani yetu, na jirani huyo anakaa kwenye nusu ya shamba la baba yangu.

Nieleze kidogo. Tuliporudi mwaka 2008 tulikuta familia nyingine kwenye kiwanja chetu. Hawakuwa wezi. Walikuwa wamewekwa pale miaka ya 1970, watoto wao wamezaliwa pale, na wafu wao wamezikwa pale. Baada ya maneno mengi shamba lilikatwa mara mbili. Aliyepima ndiye pia aliyesema nani achukue kipande gani. Kijito kikabaki upande wa pili. Baba alikubali kwa mdomo. Alifariki miaka minne baadaye, na hadi siku yake ya mwisho alikuwa akikaa ameelekeza kiti upande wa kijito. Wao nao wanasema walinyang'anywa nusu ya jasho lao. Salamu zetu ni fupi.

Basi nikasimama mbele ya meza ile na kuwasomea watoto kanuni ya Wells. Nikampa yule kijana nafasi ya kupanga upya. Alikaa kimya. Alizunguka meza mara mbili, akainama kila upande kuangalia kwa usawa wa macho ya askari. Akahamisha kilima katikati. Ukuta akaukata vipande viwili. Mto akaupitisha mahali ambapo pande zote mbili zingeufikia kwa shubiri tatu. Nilikuwa sijamwambia afanye hivyo. Kanuni ndiyo iliyomwambia: hakujua atakaa wapi.

Wiki iliyofuata mzazi mmoja alikuja shuleni kunilalamikia kuwa nafundisha watoto vita wakati nchi imechoka na vita. Sikubishana naye, maana alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimkaribisha aangalie. Watoto walicheza, na mwisho kila upande ukahesabu mabua yaliyolala. Upande ulioshinda ulibakiwa na matatu kati ya ishirini. Mzazi yule aliyatazama yale matatu kwa muda, akaondoka bila kusema kama amekubali au amekataa.

Vita vikubwa vilipokuja

Katika kurasa za mwisho za kitabu chake, Wells aliandika kuwa mtu akicheza vita vidogo mara tatu au nne ataelewa jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la kijinga na la kubahatisha. Aliona ni heri wafalme na majenerali wafungiwe chumbani na askari wa risasi, na sisi wengine tuachwe tuishi. Hilo lilikuwa mwaka 1913.

Agosti 1914 vita vilianza, na hapa ndipo maisha yake yanapouma. Wells hakuvipinga. Aliandika makala za kuviunga mkono, zilizokusanywa mwaka huo huo katika kitabu alichokiita vita vitakavyokomesha vita. Aliamini Ujerumani ya kijeshi ikishindwa, hakutakuwa na haja ya kupigana tena. Mwaka 1918 alifanya kazi kwa muda katika ofisi ya serikali iliyoshughulikia propaganda dhidi ya adui. Mtu aliyejua kanuni ya mezani aliisahau duniani: aliunga mkono upande mmoja upange nchi na pia uchague.

Vita hivyo vilifika hadi kwetu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliwatoa Wajerumani Rwanda na Burundi, na Septemba ya mwaka huo yakaingia Tabora. Wapagazi wengi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo hawakurudi makwao. Amani ilipokuja, mipaka ilipangwa na washindi, na hao hao ndio waliochagua.

Wells alikuja kukiri kuwa alikosea. Vita havikukomesha vita. Aliweka tumaini lake katika Shirikisho la Mataifa, kisha akavunjika moyo alipoona lilivyo dhaifu. Akageukia elimu. Kati ya mwaka 1919 na 1920 alitoa The Outline of History, historia ya dunia nzima kwa watu wa kawaida, akiamini kuwa watoto wanaofundishwa historia ya taifa lao tu hukua wakiwa tayari kwa vita vya kesho. Kitabu hicho kilinunuliwa mno.

Mwaka 1933 vitabu vyake vilichomwa moto Ujerumani pamoja na vya waandishi wengine waliochukiwa na Manazi. Mwaka 1940 mzee huyu wa miaka zaidi ya 70 alitoa kitabu kuhusu haki za binadamu, na alishiriki kuandaa tamko lililotaka kila mtu, popote alipo, awe na haki ya chakula, elimu, ulinzi wa sheria na kusafiri kwa uhuru. Jitihada hizo zinahesabiwa miongoni mwa zilizotangulia Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ambalo kifungu chake cha 13 kinatambua haki ya mtu kurudi katika nchi yake. Kila aliyerudi kwa lori la wakimbizi, na godoro lake juu, amepita chini ya kivuli cha kifungu hicho, hata kama hakukisoma.

Wells hakuliona tamko hilo. Alifariki nyumbani kwake London tarehe 13 Agosti 1946, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka mmoja kabla yake, Hiroshima na Nagasaki zilikuwa zimepigwa kwa silaha ambayo yeye aliitunga katika riwaya ya mwaka 1914 na kuipa jina la bomu la atomiki.

Sidai kuwa meza ya vumbi la mbao inaweza kumaliza kesi ya shamba. Wells mwenyewe, pamoja na akili yake yote, alishindwa kuihamisha kanuni yake kutoka sakafuni. Lakini mwezi uliopita jirani yetu alikuja shuleni kumfuata mjukuu wake, akakuta tunacheza. Alisimama mlangoni, akauliza kwa nini yule aliyepanga hachagui. Mjukuu wake ndiye aliyemweleza, wala si mimi.

Mzee alisogea hadi kwenye meza. Aligusa majani ya mto kwa kidole, akacheka alipogundua ni gunia. Kisha akaniuliza kama kijito kikauka mwaka huu, kama kilivyokauka mwaka ule, tunaweza kukichimba pamoja kuanzia juu. Nilimjibu kuwa tunaweza. Tumepanga Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya maharage.